Maumivu Yameisha, Nguvu Bado

Mgonjwa wa goti, nyonga au mgongo huruhusiwa kuacha fiziotherapia kwa vipimo vinavyojulikana: maumivu yamepungua, kiungo kinakunjika na kunyooka, anatembea bila magongo, anapanda ngazi bila kushikwa mkono. Ni vipimo vya haki. Aliyeingia kwenye chumba cha mazoezi akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, amepata huduma ya kweli. Lakini hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachopima nguvu ya msuli. Mguu unaweza kutembea kwenye sakafu tambarare ukiwa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na mwenye mguu asitambue, kwa sababu kutembea hakudai zaidi ya hapo. Upungufu hujitokeza siku nyingine kabisa: anaposhuka kwenye daladala iliyoanza kuondoka, anapoteremka ngazi na mtoto mgongoni, anaporudi uwanjani Jumamosi na kugeuka ghafla akiwa na mpira.

Hoja yangu ni moja. Kati ya siku ya kuruhusiwa na siku ambayo msuli umerudi kweli kuna kipindi cha miezi, wakati mwingine mwaka mzima, ambacho hakina mwenyewe. Hospitali imemaliza sehemu yake, bima imeacha kulipa, jimu haijui historia ya jeraha, na ndugu nyumbani wanamshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao amepona. Wengi huacha mazoezi katika kipindi hicho. Wengine, na hawa ndio wanaonihuzunisha zaidi kwa kuwa wana bidii, huendelea kwa uaminifu na zoezi lilelile, mpira uleule wa kuvuta, mara kumi zilezile, na baada ya nusu mwaka wanashangaa kwa nini hawajasogea. Zoezi lililomtoa mtu kwenye maumivu halina uwezo wa kumrudishia nguvu, maana msuli uliokwisha kulizoea hauna sababu ya kubadilika. Kinachotakiwa kuendelea ni kupanda kwa uzito.

Fani yenyewe ilikwisha kulijua hili zamani. Mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni, hospitali za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa askari walioumia magoti na mapaja. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi sana, na wengi wao walikawia wodini huku mapaja yakibaki membamba. Daktari kijana aliyeitwa Thomas DeLorme, katika Hospitali Kuu ya Gardiner mjini Chicago, alikuwa mnyanyua vyuma tangu ujana wake, alipojijenga upya baada ya kuugua homa ya rumatiki. Akaugeuza utaratibu: uzito mkubwa, marudio machache, na uzito kuongezwa kila msuli unapozoea. Matokeo aliyachapisha mwaka huohuo. Miaka mitatu baadaye, akiwa na Arthur Watkins, aliupunguza mpango hadi seti tatu za mara kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara kumi tu, ya pili kwa robo tatu yake, ya tatu kwa uzito wote.

Zile seti tatu za mara kumi zinazoandikwa mpaka leo kwenye karatasi za wagonjwa, iwe Moshi au Mombasa, zina asili hiyo. Kilichopotea njiani ni uzito. Hesabu imebaki, sharti kwamba mara ya kumi iwe ngumu kiasi kwamba ya kumi na moja haiwezekani, limesahauliwa.

Ili kuona kwa nini sharti hilo lina maana, inafaa kujua nini hasa hupotea kiungo kinapoumia. Watu wengi hudhani ni nyama ya paja tu, iliyokonda kwa kulala kitandani au kufungwa hogo. Kwanza hupotea amri. Goti likivimba, hata kwa maji kidogo yasiyoonekana vizuri kwa macho, taarifa zinazotoka kwenye kiungo huufanya uti wa mgongo upunguze amri iendayo kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja. Ni kinga ya mwili, na mtu hawezi kuishinda kwa nia peke yake. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa akaze paja, akajitahidi hadi jasho likamtoka, na paja likabaki limelala. Mwezi mmoja baada ya upasuaji wa kubadilisha goti, nguvu ya paja inaweza kuwa chini ya nusu ya ilivyokuwa kabla ya kisu, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni amri isiyofika kuliko nyama iliyokonda.

Fiziotherapia ya wiki za mwanzo hulenga hapo hasa. Maendeleo ya haraka anayoyaona mgonjwa katika mwezi wa kwanza na wa pili ni mfumo wa fahamu unaojifunza upya kuuita msuli. Kisha kasi hupungua, naye huichukua hali hiyo kuwa ishara kwamba amefika. Kumbe ndipo inapoanza kazi ya pili, ya kujenga nyama yenyewe, ambayo huenda polepole na haileti furaha ya kila wiki.

Tena nyama, kano na mfupa havisafiri pamoja. Msuli huitikia ndani ya wiki chache, kano huchukua muda mrefu zaidi, mfupa huhesabu miezi. Kano iliyopandikizwa gotini hupitia kipindi cha kudhoofika kwanza kabla ya kuimarika, na kukomaa kwake kunaweza kupita mwaka. Kwa hiyo mtu anayejisikia mzima mwezi wa tano ana msuli unaoweza kuvuta kwa nguvu kitu ambacho bado hakijawa imara. Hisia ya kupona hutangulia kupona kwenyewe, na pengo hilo ndilo linalowarudisha watu hospitali.

Goti la mchezaji ndilo lililochunguzwa sana kwa habari hii, na hapo gharama ya haraka inasomeka kwa tarakimu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Hege Grindem na wenzake wa Oslo na Delaware, watu 106 waliofanyiwa upasuaji wa kano ya msalaba ya mbele, ile ambayo watangazaji wa soka huitaja kwa herufi tatu, ACL, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Kila mwezi ambao mtu alichelewesha kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka ulipunguza kasi ya goti kuumia tena kwa karibu nusu, hadi kufikia mwezi wa tisa. Kati ya waliorudi bila kutimiza vigezo vya nguvu na vya kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Kati ya waliovitimiza kwanza, hawakufika asilimia 6. Kimoja cha vigezo hivyo kilitaka paja la mguu ulioumia lifikishe angalau asilimia 90 ya nguvu ya paja la pili.

Mashabiki wetu wengi waliuona mfano hai bila kuzisoma tarakimu hizo. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia goti Oktoba 2020 katika mechi dhidi ya Everton, akaliacha kombe la Ulaya lililochezwa majira ya joto ya mwaka uliofuata ingawa lilikuwa mbele yake, na akarudi uwanjani katika mechi ya kirafiki mwishoni mwa Julai 2021. Miezi tisa na siku kadhaa. Yeye alikuwa na jopo la wataalamu, mashine za kupima na mshahara uliokuwa ukiingia. Beki wa timu ya mtaa, Temeke au Kisauni, hana hayo. Hata pale ndugu na marafiki wanapomchangia fedha za upasuaji, mchango hupigiwa hesabu ya kisu, dawa na vikao vichache vya fiziotherapia. Ile miezi sita ya mazoezi ya nguvu inayofuata haimo kwenye hesabu, kwa hiyo haimo hata kwenye fikra za waliochanga. Mwezi wa nne goti haliumi, timu inamwita, naye anacheza.

Kigezo cha kulinganisha miguu miwili nacho kina mtego wake. Mtu akikaa miezi bila kukimbia wala kubeba kitu, mguu mzima nao unalegea, na miguu miwili iliyolegea kwa kiasi kinachokaribiana hutoa asilimia nzuri. Mtaalamu makini huuliza pia nguvu hiyo ni kiasi gani ukilinganisha na uzito wa mwili, au na vipimo vya mguu mzima vilivyochukuliwa mapema kabla haujalegea. Pasipo mashine, bado kuna njia. Simama kwa mguu mmoja, gusa ukuta kwa ncha za vidole vya mkono ili usiyumbe tu, inua kisigino hadi juu kabisa, rudia mpaka ushindwe. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango kinachotumika sana ni mara 25. Kaa kwenye kiti, nyosha mguu mmoja mbele, inuka kwa mguu mwingine peke yake bila kusukuma kwa mikono. Wengi walioruhusiwa wiki nyingi zilizopita hushangaa kuona mguu mmoja unainuka mara kumi na mwingine hauwezi hata mara moja.

Kwa wazee suala hubadilika sura, na ushahidi wake hauendi upande mmoja. Mwaka 2014 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa eneo la Boston uliowahusu wazee 232 waliovunjika nyonga na waliokuwa wamekwisha kumaliza fiziotherapia ya kawaida. Nusu yao walifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani kwa miezi sita, kama kuinuka kitini na kupanda kidaraja. Walipata nafuu katika mwendo na shughuli kuliko wenzao, ingawa haikuwa kubwa. Miaka mitano baadaye jarida hilohilo likachapisha utafiti mwingine wa wazee 210 waliotembelewa nyumbani na wataalamu kwa wiki 16, nusu yao wakapewa mazoezi ya nguvu, ya pumzi na ya usawa wa mwili. Walipopimwa iwapo wanaweza kutembea vya kutosha kujimudu nje ya nyumba, hawakuwazidi wenzao kwa kiasi cha kuaminika kitakwimu.

Msomaji wa haraka atasema basi mazoezi ya baadaye hayana faida. Mimi nasoma tofauti. Utafiti wa pili unaonya kwamba mzee dhaifu aliyepita kwenye mvunjiko wa nyonga ana mambo mengi yanayomshika kwa pamoja: lishe, hofu ya kuanguka, macho, dawa anazomeza, upweke. Wiki 16 za mazoezi haziwezi kuyatengua yote. Lakini haimaanishi kwamba msuli wa mzee hauitiki. Huko Boston tena, mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake waliwapa wakazi kumi wa makao ya wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 90, mazoezi ya uzito mkubwa kwa wiki nane. Nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka minne baadaye kundi hilo la watafiti lilirudia jambo lilelile kwa wazee 100, na nguvu ya waliofanya mazoezi ikaongezeka kwa zaidi ya maradufu. Msuli wa mtu wa miaka 90 unajengeka. Kinachoamua ni kama kuna anayethubutu kumpa uzito wa maana, akae karibu naye anapounyanyua.

Na hapa ndipo utamaduni wetu unapogusa jambo kwa namna nyeti. Mzee aliyevunjika nyonga hupokewa nyumbani kwa upendo unaomdhoofisha. Maji anatekewa, kiti kinasogezwa, chakula kinamfuata alipo. "Bibi, wewe kaa, tutakuletea." Kauli hiyo inatoka kwenye heshima ya kweli, na ningeona vibaya kumwambia mjukuu aache heshima. Lakini kila mara bibi anapoinuka kitini bila kuvutwa ni zoezi, na kila mara anapoinuliwa zoezi hilo limechukuliwa na mtu mwingine. Mjukuu anaweza kuonyesha heshima ileile kwa kusimama kando yake na kuhesabu. Kuna kipimo cha sekunde 30 cha kuinuka na kukaa, mikono imekunjwa kifuani. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 65 hadi 69 anayeshindwa kufikisha mara 11, au mwanamume wa rika hilo asiyefikisha 12, yuko chini ya wastani na huhesabiwa kuwa kwenye hatari ya kuanguka. Kipimo hicho hakihitaji zaidi ya kiti kisichoteleza na simu yenye saa.

Mgongo nitaupitia kwa ufupi. Kinachosumbua kwenye maumivu ya kiuno ni kurudi kwake. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya majaribio mengi uligundua kwamba mazoezi yakiunganishwa na elimu hupunguza hatari ya kupata kipindi kipya cha maumivu kwa asilimia 45 ndani ya mwaka, na mazoezi peke yake kwa asilimia 35. Ngao hiyo ilififia baada ya mwaka, na maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba watu waliacha. Kwa mgongo, basi, mazoezi hayafanani na dozi ya vidonge ambayo ukiimaliza umemaliza.

Sasa kuna swali ambalo mkulima, mama wa sokoni au kijana wa kubeba mizigo atauliza, tena ana haki: mimi nabeba vitu vizito kila siku, mazoezi ya nguvu ni ya nini tena? Swali hili halijibiwi vya kutosha kwenye miongozo inayoandikwa kwa watu wa ofisini. Jibu langu ni kwamba kazi ngumu huhifadhi nguvu zilizopo, lakini ni mwalimu mbaya wa kiungo kilichodhoofika. Kazi haipimi. Gunia lina uzito wake wote siku ya kwanza, halianzi na robo. Kazi haitoi siku ya kupumzika msuli upate kujijenga. Na zaidi ya yote, mwili ukiwa kazini hutafuta njia rahisi: aliyeumia goti la kulia atainua kwa mguu wa kushoto na kwa mgongo, siku baada ya siku, bila kujua. Baada ya mwaka mguu wa kushoto una nguvu za kupindukia, kiuno kinauma, na paja la kulia limebaki kama lilivyotoka kwenye hogo. Zoezi la mguu mmoja mmoja humnyima mwili njia hiyo ya kukwepa. Mtu wa kazi ngumu ahitaji dakika ishirini, mara mbili kwa wiki, zinazoelekezwa kwenye kiungo kilichobaki nyuma, na siku aliyobeba mizigo mingi aziache kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki kwa watu wazima wote, na kwa waliofika miaka 65 siku tatu au zaidi za mazoezi mchanganyiko yanayotilia mkazo nguvu na usawa wa mwili. Hicho ni kima cha watu wazima wenye afya. Aliyetoka kwenye jeraha aanzie hapo, aongeze uangalifu.

Uzito utoke wapi? Jimu zimeenea mijini, lakini ada ya mwezi ni mzigo kwa kaya nyingi, na kwa mama anayejisitiri ukumbi wenye vioo uliojaa vijana ni mlango uliofungwa, hata kama fedha anayo. Bahati njema ni kwamba karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki ina kifaa kizuri cha kuongeza uzito hatua kwa hatua: ndoo au dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu anaweza kuanza na lita tatu, akaenda tano, saba, kumi, hadi dumu la lita ishirini, na uzito akawa anaujua kwa hakika kama kwenye mashine. Ndoo mkononi unapopanda na kushuka kidaraja kimoja kwa mguu ulioumia. Dumu kati ya miguu, mgongo umenyooka, unaliinua kutoka juu ya tofali kisha baadaye kutoka chini. Begi la mgongoni lenye chupa za maji unapochuchumaa hadi kugusa kiti na kuinuka. Chagua kiasi unachoweza kurudia mara nane hadi kumi na mbili, kiasi kwamba mwishoni unabakiwa na moja au mbili tu. Ukiona kwa siku mbili za mazoezi mfululizo unapitisha lengo lako kwa mara moja au mbili, ongeza maji kidogo. Wataalamu wa michezo wa Marekani hupendekeza nyongeza ya kati ya asilimia 2 na 10, na kwa aliye kwenye lita kumi hiyo haizidi lita moja.

Na kama uzito mkubwa haupatikani kabisa? Majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba vijana walionyanyua uzito mwepesi, asilimia 30 tu ya uwezo wao wa juu, lakini wakarudia hadi msuli ukashindwa kabisa, walijenga nyama karibu sawa na walionyanyua asilimia 80. Kwa nguvu tupu uzito mkubwa bado uliongoza. Fundisho kwa mwenye mpira wa kuvuta uliotoka hospitali ni kwamba kifaa chake bado kina kazi, mradi asikomee kumi kwa sababu karatasi imeandika kumi. Avute mpaka paja liwake moto.

Hofu ya maumivu ndiyo inayowazuia wengi kufika hapo, na hofu hiyo ina msingi: wameumia kweli. Kanuni iliyotokana na kazi ya Karin Grävare Silbernagel na wenzake nchini Sweden kuhusu kano ya kisigino imewasaidia watu wengi. Katika kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yasiyozidi tano wakati wa zoezi yanavumilika, mradi asubuhi ya pili yawe yametulia, na yasiwe yanapanda wiki hadi wiki. Kwa kiungo kingine muulize aliyekutibu. Lakini yapo mambo yasiyopimwa kwa kanuni hiyo: goti linalovimba na kuwa la moto baada ya kila zoezi, kigimbi kimoja kilichovimba na kuuma pasipo sababu, mguu unaokufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa. Hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa alishughulikie hilo kwanza, na kila mtu apumue anaponyanyua. Kubana pumzi kwa nguvu huku umeinua kitu kizito hupandisha shinikizo ghafla.

Chakula nacho, kwa maneno machache. Jopo la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza mwaka 2013 protini ya gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na zaidi kidogo kwa mzee mgonjwa. Bibi wa kilo 60 ahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai lina takriban sita, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama kumi na tano. Chai na mkate asubuhi, ugali na mchicha jioni, havimfikishi huko. Dagaa, maziwa, kunde na karanga vinamfikisha bila gharama kubwa. Mwenye ugonjwa wa figo afuate ushauri wa daktari wake.

Linalotia moyo kuliko yote ni kwamba kutunza nguvu ni rahisi kuliko kuzijenga. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 na Scott Bickel na wenzake huko Alabama liliwafanyisha watu mazoezi ya vyuma siku tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha likawapunguzia. Kwa waliobaki na siku moja tu kwa wiki, nguvu zao zilidumu kwa wiki 32 zilizofuata. Vijana walihifadhi na ukubwa wa misuli kwa dozi hiyo. Wazee walihitaji zaidi. Utafiti wa nyuma zaidi, wa mwaka 1988, ulikwisha kuonyesha kwamba kupunguza siku hakudhuru nguvu kwa wiki 12 ikiwa uzito wenyewe haukupunguzwa. Kwa hiyo ule mzigo wa kufikiria kwamba nitafanya hivi maisha yangu yote uzito wake halisi ni mdogo kuliko unavyoonekana. Miezi michache ya bidii, kisha siku moja au mbili kwa wiki.

Lawama ya pengo hili haimwendei mgonjwa peke yake, wala mtaalamu wa fiziotherapia mwenye foleni ndefu mlangoni. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilikadiria kwamba watu bilioni 2.41 duniani wana hali ambayo ingefaidika na huduma za utengamao. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisukuma jambo hili tangu lilipotangaza mpango wake wa Rehabilitation 2030 mwaka 2017, na Mei 2023 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuziimarisha huduma hizo ndani ya mifumo ya afya. Huku kwetu, wodi za mifupa zinazojaa majeruhi wa bodaboda hufanya kazi kubwa ya kuunganisha mapaja na miundi iliyovunjika, na mfupa ukionekana umeunga kwenye picha, faili hufungwa. Kijana huyo anarudi kwenye pikipiki, au shambani, na mguu ambao hakuna aliyewahi kuupima nguvu.

Marekebisho ninayoyaona yanawezekana bila kusubiri vifaa vipya. Vikao vya fiziotherapia kwa kawaida hurundikwa mwanzoni, mara mbili au tatu kwa wiki, hadi fedha au idadi iliyoidhinishwa inapoisha. Viwili vya mwisho vizuiwe kwa makusudi: kimoja kifanyike miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, kingine mwezi wa sita. Siku ya kuruhusiwa, mgonjwa aandikiwe kwenye kadi yake mara ngapi kila mguu uliinua kisigino, mara ngapi kila mguu uliinuka kitini, na lita ngapi za maji anazoanzia. Ndugu anayeishi naye aitwe ndani, aoneshwe zoezi moja moja kwa macho yake, aelezwe ni maumivu gani ya kuvumilia na yapi ya kukimbilia hospitali. Mwezi wa tatu vipimo vilevile virudiwe, lita ziongezwe au zoezi libadilishwe, na anayetaka kurudi uwanjani au kwenye mizigo aambiwe wazi, kwa tarakimu za mguu wake mwenyewe, kama wakati umefika au bado. Mwezi wa sita ndipo faili lifungwe.